Mwongozo kamili: kumwanzisha mtoto karate na kumvusha mwezi wa tatu wa mazoezi

Kila Januari, shule zikifunguliwa, ukumbi tunaofundishia watoto hujaa hadi mlangoni. Kufika Aprili mstari wa mikanda myeupe, yaani wanaoanza, umekonda. Wazazi wanaowaondoa watoto huniambia maneno yaleyale: "Alianza vizuri, sijui kikamkuta nini, akachoka."

Nimesaidia darasa la watoto wanaoanza kwa miaka kadhaa, kila Jumamosi asubuhi, na nimeona kwamba mara nyingi mtoto hakuichoka karate. Alichoka yaliyoizunguka: nguo iliyombana kwapani, mwalimu anayefoka, safari ya daladala ya saa moja usiku, mzazi anayeuliza kila wiki mkanda wa njano utakuja lini.

Wazazi huja wakitaka nidhamu, utulivu, afya, kujiamini na kujilinda. Faida hizo zipo kweli, ila hazitoki kwenye teke. Mwaka 1986 mtafiti wa Marekani, Michael Trulson, alichapisha matokeo ya vijana wa kiume wa miaka 13 hadi 17 waliokuwa wameshaingia matatani na sheria. Waliofundishwa taekwondo kwa njia ya jadi, pamoja na heshima, utulivu na maadili yake, walipungua ukali baada ya miezi 6. Waliofundishwa mbinu za kupigana peke yake walizidi kuelekea kwenye ukorofi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kumchagua mwalimu na mambo utakayoyafanya nyumbani.

Nimeandika nikimfikiria mtoto wa miaka 6 hadi 12 anayeanza karate. Anayeanza judo au taekwondo atafuata hatua hizihizi, na panapotofautiana nimepataja.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja na kalamu. Litakaa nyumbani, si kwenye begi la mazoezi.
- Saa au simu yenye kuhesabu sekunde.
- Fulana na suruali laini ya kamba kiunoni. Usinunue gi bado. Gi ni ile suti nyeupe ya karate, na wakati wake utafika kwenye hatua ya 5.
- Kandambili. Karate huchezwa peku, lakini mtoto asitoke chooni peku akakanyaga sakafu wanayofanyia mazoezi wenzake. Fangasi wa miguuni huanzia hapo.
- Chupa ya maji ya lita moja, yenye jina lake.
- Kikata kucha. Kucha ndefu za miguu zimechana ngozi nyingi kuliko ngumi.
- Godoro la sponji utakaloweza kulilaza sakafuni.
- Kipande cha chaki.
- Maelezo ya afya. Mtoto mwenye pumu, kifafa, tatizo la moyo au selimundu apate kwanza ruhusa ya daktari, na mwalimu aambiwe kabla ya siku ya kwanza. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta. Mwenye selimundu akubaliwe kunywa maji na kupumzika wakati wowote bila kuomba mbele za watu.
- Bajeti ya miezi 6, si ya mwezi mmoja. Hesabu ada ya kujiunga, ada ya mwezi, nauli ya watu wawili, gi, na ada ya mtihani wa mkanda. Hiyo ya mwisho ndiyo huwashtua wazazi wengi, kwa sababu hakuna aliyewatajia.

## Hatua ya 1: Mwulize mtoto, kisha nyamaza

Mwulize anataka nini kwenye karate, uandike jibu lake ukurasa wa kwanza wa daftari kwa maneno yake mwenyewe. "Nataka kuruka kama kwenye sinema." "Nataka Juma aache kuninyang'anya hela ya chakula." Yote ni majibu mazuri, na hilo la pili limekuonyesha jambo ambalo lazima ulifuatilie shuleni wiki hii hii, karate au bila karate.

Kwa nini: mwezi wa tatu ukifika na uvivu ukaingia, sababu yake mwenyewe ndiyo itamrudisha, sababu yako haitafaa.

Angalizo: usimpeleke karate kama adhabu. Mtoto aliyeambiwa "wewe mtundu, nakupeleka ukanyooshwe" anaingia ukumbini akiwa ameshamchukia mwalimu.

## Hatua ya 2: Pima kabla hujaanza

Hatua hii karibu kila mtu huiruka, halafu baada ya miezi miwili anasema haoni mabadiliko. Atayaonaje, na hakuangalia alipoanzia?

Chagua jioni moja tulivu, upime mambo manne na kuyaandika pamoja na tarehe:

1. Kusimama mguu mmoja, macho wazi, mikono kiunoni. Hesabu sekunde mpaka mguu wa pili uguse chini. Fanya kulia na kushoto.
2. Kukaa kimya. Akae amepiga magoti au amekunja miguu, macho amefumba. Hesabu sekunde mpaka acheke, ajikune au aongee.
3. Pushapu alizoweza kwa umbo sahihi. Mdogo anaweza kuweka magoti chini.
4. Kuitwa. Kwa siku tatu, bila yeye kujua, hesabu unamwita mara ngapi kabla hajaitika na kuja.

Kwa nini: kipimo cha kwanza na cha tatu ni vya mwili, cha pili na cha nne ni vya kujitawala. Katika utafiti wa Lakes na Hoyt uliotoka mwaka 2004, watoto wa shule ya msingi Marekani waliofundishwa taekwondo shuleni kwa miezi 3 waliwazidi wenzao waliokuwa kwenye kipindi cha kawaida cha michezo katika kuzuia mihemko na kutulia. Hayo ndiyo mabadiliko unayoyatafuta, na hayaonekani kwa kumtazama mtoto akipiga teke hewani.

Umefaulu ikiwa una namba nne na tarehe. Zirudie kila baada ya wiki 4, jioni, mazingira yaleyale.

## Hatua ya 3: Tembelea klabu mbili, nenda peke yako

Naomba hapa usiharakishe. Mzazi akikosea hapa, hatua zote zilizobaki hazitamsaidia.

Nenda bila mtoto, kwa sababu ukienda naye atapenda nguo nyeupe na kelele, na wewe utakosa ujasiri wa kukataa. Fika dakika 15 kabla darasa halijaanza, ukae hadi watoto wote wachukuliwe. Angalia haya:

Mwalimu anawaita watoto majina yao? Akiwajua kwa majina, anawaona. Akiwaita "wewe mnene" na "wewe mweusi", ondoka.

Mtoto akikosea, nini kinafuata? Pushapu tano, au kurudishwa mwanzo wa zoezi, ni kawaida. Fimbo, makofi, kupigishwa magoti kwenye zege, au kumsimamisha mkubwa ampige mdogo ili "akomae", si karate ya watoto. Niliwahi kushuhudia klabu moja mtoto wa miaka 8 akisimamishwa mbele ya wenzake apigwe tumboni na kijana wa mkanda wa kahawia, huku wazazi wakipiga makofi wakidhani ndio uanaume unaofundishwa. Mtoto yule hakurudi. Kinachoniuma zaidi ni kwamba kwao neno karate sasa lina maana hiyo.

Darasa lina ukomo wa mguso? Karate ina sehemu tatu: kihon, yaani misingi ya ngumi, vizuizi na mateke, kata, yaani mfululizo wa mienendo unaochezwa peke yako, na kumite, pambano na mwenzako. Anayeanza akae kwenye kihon na kata kwa miezi kadhaa. Kumite yake ya mwanzo iwe ya kupangwa: huyu anashambulia mara moja kwa tamko, yule anazuia, ngumi inasimama kabla ya kugusa. Mwaka 2016 American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kilishauri watoto waanzie kwenye mafunzo yasiyo ya kugusana, kikaonya pia wazazi wasitegemee kofia laini kuzuia mtikisiko wa ubongo. Kwenye taekwondo uliza hasa kuhusu mateke ya kichwani. Kwenye judo tazama sakafu: bila tatami, yaani mikeka minene ya mazoezi, au godoro nene lililobanwa vizuri, usimwache mtoto arushwe.

Unaruhusiwa kutazama? Klabu inayofunga mlango na kuwaambia wazazi wasubiri nje kila siku, iache. Uliza wanaangaliwa na watu wazima wangapi, nani anawasindikiza chooni wadogo, na safari za mashindano zinakwendaje. Wawepo watu wazima wawili, na masomo ya faragha nyumbani kwa mwalimu yasiwepo kabisa. Mtoto akija kukueleza jambo lililomwogopesha, mwamini kwanza, uliza baadaye. Tanzania na Kenya namba ya simu ya kumsaidia mtoto ni 116, haina malipo.

Karatasi. Omba kuona cheti cha usajili wa klabu na cheti cha dan, yaani daraja la mkanda mweusi, cha mwalimu. Mwalimu wa kweli hakasiriki akiombwa, wengi wamevitundika ukutani.

Mtindo ndilo swali wazazi huuliza la kwanza: Shotokan au Goju-ryu? Kwa mtoto anayeanza, liwe la mwisho. Mwalimu mzuri wa mtindo wowote anamzidi mwalimu mbaya wa mtindo maarufu.

Lipo jambo jingine ambalo kwetu pwani huwagawa wazazi, nalo ni kuinama wakati wa salamu. Kwenye ukumbi wa karate kuinama ni kumwamkia mwenzako na kumshukuru, lakini kama familia yenu ina mashaka ya kidini, zungumza na sensei, yaani mwalimu, mapema, faraghani. Walimu wengi wa Kiislamu wamekwisha lipatia njia: kichwa kidogo tu, au mkono kifuani. Usimwache mtoto alitatue peke yake katikati ya mstari. Kwa binti anayejistiri, hijabu laini isiyo na pini inakaa vizuri na gi, na hata Shirikisho la Karate la Dunia linaikubali kwenye mashindano kwa vipimo vyake.

Umefaulu ikiwa umetoka klabu moja ukijisikia ungemwachia mtoto wako hapo hata siku ambayo hukai kumtazama.

## Hatua ya 4: Tengeneza ratiba inayobebeka

Siku mbili kwa wiki zinatosha. Si tatu, si nne, hata akilia anataka zaidi.

Chukua karatasi, andika kwanza vitu visivyohama: shule, madrasa au kwaya, tuisheni, usingizi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa jumla ya saa 9 hadi 12 kwa siku. Anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule hawezi kurudi mazoezini saa tatu usiku. Kama darasa la jioni linamfikisha hapo, tafuta la Jumamosi na Jumapili.

Usimnyang'anye mpira wala rede ili apate karate. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kimwili kila siku, na vipindi viwili vya karate havifiki hata karibu.

Mwezi wa Ramadhani, kwa mtoto anayefunga, ongea na mwalimu apunguziwe kuruka na kukimbia, abaki na kata za taratibu, au darasa lihamie baada ya futari. Klabu nyingi zimeshazoea.

## Hatua ya 5: Wiki nne za kwanza

Siku ya kwanza afike na fulana. Gi inunuliwe baada ya wiki 4 ikiwa bado anataka kwenda. Chukua inayozidi mwili wake kidogo, maana pamba hurudi ikifuliwa, lakini suruali isiburuzike chini akaikanyaga. Ifue kila baada ya mazoezi. Kwa joto la Dar au Mombasa, gi iliyokunjwa mbichi kwenye begi usiku mmoja tu inatoa harufu isiyotoka.

Nyumbani mfundishe maneno machache ili asijione mgeni mstarini: *rei*, salamu; *yoi*, jiandae; *hajime*, anza; *yame*, acha. Kisha kuhesabu: *ichi, ni, san, shi, go, roku, shichi, hachi, kyu, ju*. Watoto wetu huyashika upesi mno, kwa sababu yanatamkwa kama yalivyoandikwa, karibu sawa na Kiswahili. Hesabuni ngazi mkipanda. Hesabuni chapati.

### Mkanda afunge mwenyewe

Nina picha moja isiyonitoka. Mvulana wa miaka 7 alisimama mlangoni, ulimi nje, akihangaika na mkanda uliokuwa mrefu kuliko yeye. Amekosea mara ya kwanza, ya pili. Mama yake akanyoosha mikono amfungie, nikamwomba asubiri kidogo. Mara ya nne fundo likakaa. Yule mtoto hakusema kitu. Aliliangalia, akaligusa kwa vidole viwili, akaingia ukumbini ameinua kidevu. Kujiamini tunakokuimba kulianzia pale, kabla hajapiga ngumi hata moja.

Mfundishe hivi:

1. Shika katikati ya mkanda, uiweke chini kidogo ya kitovu.
2. Peleka ncha zote mbili nyuma, zipishane mgongoni, zirudi mbele.
3. Zipishanishe mbele. Ncha iliyolala juu ipenyeze chini ya matabaka yote mawili, itokee juu, ivute.
4. Ncha ya juu ikunje ishuke. Ncha ya chini izungushe juu yake, uipitishe kwenye tundu lililojitokeza.
5. Vuta zote mbili kwa pembeni, kwa pamoja.

Fundo sahihi linalala bapa na ncha mbili zinalingana. Likisimama wima, hatua ya nne imezungushwa kinyume, fungua urudie. Jipe wiki mbili, na mikono yako iweke mfukoni.

## Hatua ya 6: Mfundishe kuanguka

Klabu nyingi za karate hazitilii mkazo kuanguka, lakini kwangu ndilo somo lenye faida ndefu kuliko yote. Mtoto wako huenda asipigane na mtu maisha yake yote, ila ataanguka: kwenye baiskeli, kwenye ngazi zilizolowa, uwanjani. Na kila anayeanguka kinyumenyume hurusha mkono nyuma kujizuia. Uzito wote unakwenda kwenye kifundo kimoja cha mkono, na hapo ndipo watoto huvunjika.

Wana judo huanza na kuanguka kabla ya kurusha, na huita *ukemi*. Ya kuanguka nyuma, *ushiro ukemi*, unaweza kuianza nyumbani.

Mahali: godoro sakafuni, mbali na ukuta, kitanda na meza. Usifanye kwenye vigae wala zulia jembamba.

1. Kulala. Alale chali, kidevu kifuani, macho yatazame fundo la mkanda. Akae hivyo sekunde 10. Shingo ikitetemeka apumzike.
2. Kupiga. Akiwa amelala hivyo, apishanishe mikono kifuani, kisha apige godoro kwa mikono yote, viganja chini, kuanzia kiganja hadi kiwiko. Mikono iwe mbali kidogo na mwili, isinyooke usawa wa mabega. Atoe pumzi kwa nguvu anapopiga. Mara 10.
3. Kukaa. Aanze ameketi, mikono kifuani, ajiviringishe nyuma mgongo ukiwa duara, apige mgongo unapogusa.
4. Kuchuchumaa. Vilevile, lakini aanzie kwenye kuchuchumaa. Makalio yashuke karibu na visigino kabla ya kujiviringisha.

Kila ngazi ichukue wiki nzima. Kuanguka kutoka wima kubaki ukumbini, chini ya jicho la mwalimu.

Hatari: kichwa kikigusa godoro hata mara moja, rudi ngazi ya chini. Mtoto aliyejigonga kichwa akalalamika kinamuuma, akatapika, akachanganyikiwa au akasinzia isivyo kawaida, mazoezi yanaishia hapo na anapelekwa hospitali. Asirudi mazoezini siku hiyo hata akisema amepona.

Umefaulu ukisikia sauti moja tu, "pa!", mgongo na mikono vikitua pamoja. Sauti mbili maana yake mikono imechelewa.

## Hatua ya 7: Dakika kumi nyumbani

Siku zisizo za klabu, dakika 10, zisizidi. Wakati uleule kila siku, kwa mfano baada ya kuoga jioni.

- Dakika 1: kukaa kimya, macho yamefumba. Kaa naye.
- Dakika 3: msimamo wa *zenkutsu-dachi*. Mguu wa mbele umekunjwa, wa nyuma umenyooka, upana wa mabega. Angalia goti la mbele lielekee vidoleni, lisiangukie ndani. Kosa hilo likikomaa litamuumiza goti.
- Dakika 5: kata.
- Dakika 1: maji na kujinyoosha.

Kwenye kata ndipo chaki inapotumika. Kwa watoto wa Shotokan, kata ya kwanza ya kupandia daraja ni Heian Shodan, yenye mienendo 21. Imepangwa ili uishie pale ulipoanzia. Chora alama ya msalaba sakafuni, mtoto asimame juu yake, aanze. Akimaliza, mwambie atazame chini.

Mara za kwanza ataishia hatua nzima mbele, au pembeni karibu na kabati. Hiyo inamwonyesha kwamba hatua zake hazilingani: za kwenda ni ndefu, za kurudi fupi, au amegeuka pembe isiyo sawa. Huhitaji kuijua karate kumsaidia, sakafu inamkosoa, nawe hukugombana naye. Nimewaona watoto wasiokubali kusahihishwa na mtu yeyote wakirudia kata mara sita mfululizo kwa ajili ya msalaba ule wa chaki.

Angalizo: usimkosoe ngumi yake kwa ulichokiona YouTube. Mtindo wa kwenye video huenda si wake, na mtoto akiwa na makocha wawili wanaopingana atawaacha wote.

## Hatua ya 8: Kanuni ya nyumba kuhusu kupigana

Iandikeni kwenye daftari wiki ya kwanza, mtoto na mzazi mtie sahihi. Ya kwangu nayowapa wazazi ni hii:

> Nikisumbuliwa, nasema "Acha!" kwa sauti kubwa. Naondoka. Namwambia mtu mzima siku hiyohiyo. Mikono naitumia pale tu ninaposhikwa na siwezi kuondoka, na naiacha mara ninapoachiwa.

Fanyeni igizo. Wewe uwe msumbufu, umzibie njia mlangoni. Yeye arudi hatua moja nyuma, viganja mbele usawa wa kifua, aseme "Acha!" Ile sauti ya tumboni wanayoipiga ukumbini, *kiai*, inamfaa hapa kuliko mahali pengine popote. Mtoto mpole ambaye hajawahi kuinua sauti kwa mtu mzima atacheka mara tano za mwanzo. Endeleeni mpaka kicheko kiishe.

Kwa nini: bila kanuni, mtoto atajaribu teke lake kwa mdogo wake sebuleni. Akifanya hivyo, usimtoe klabu. Mwambie sensei mbele yake, akose kipindi kimoja cha kumite, siyo mazoezi yote.

## Hatua ya 9: Mwezi wa tatu

Utafika, hata kwa mtoto anayeipenda kweli. Misingi imeanza kujirudia, mwili haupati jipya la kushangaza, na marafiki waliojiunga naye wameacha. Asubuhi ya Jumamosi atasema tumbo linamuuma.

Usimlazimishe kwa kelele, na usimwachie siku hiyohiyo. Fanya hivi kwa mpangilio:

Kwanza mwulize kama kuna mtu amemuumiza au amemtisha. Uliza mkiwa wawili tu, njiani au jikoni, siyo mbele ya ndugu zake. Kama lipo, acheni mara moja, hayo mengine hayana maana tena.

Kama halipo, fungua daftari. Rudieni vile vipimo vya hatua ya 2, umwonyeshe namba za mwanzo na za leo. Mtoto aliyesimama mguu mmoja sekunde 9 akaona leo amefika 30 hahitaji hotuba yako. Na kile kipimo cha nne, cha kuitwa, mwambie siri yake sasa, mtacheka wote.

Halafu mpeni tarehe: "Tutaendelea hadi mtihani unaofuata. Ukishafanya, ukitaka kuacha, nitakubali." Na ukubali kweli. Mtoto anayejua mlango upo hauangalii kila dakika.

Mwisho, mwombe mwalimu ampe jukumu dogo: kuhesabu hadi *ju* mbele ya darasa, au kupanga viatu mlangoni. Nimeona hili likifanya kazi mahali ambapo zawadi na ahadi za pizza zilishindwa.

## Hatua ya 10: Mtihani wa mkanda, na Jumatatu inayofuata

Madaraja ya chini ya mkanda mweusi huitwa *kyu*, nayo huhesabiwa kwa kushuka, namba ikipungua mtoto anapanda. Muda kati ya mtihani na mtihani hutofautiana, lakini miezi mitatu kwenda juu ni kawaida. Klabu inayouza mkanda kila mwezi inauza vitambaa.

Wiki ya mtihani usiongeze mazoezi. Alale mapema, ale chakula chepesi saa mbili kabla, kucha zikatwe, gi ipigwe pasi na yeye mwenyewe kama umri unaruhusu.

Akifeli, mwacheni alie. Usimlaumu mtahini mbele yake, wala usiseme "si kitu". Kesho yake mwulize sensei mambo mawili ya kurekebisha, yaandikeni, mrudi kwenye chaki.

Akifaulu, shangilieni nyumbani usiku huo, kisha kipindi kinachofuata mpeleke kama kawaida. Baada ya mkanda wa njano ndipo kundi la pili la watoto huondoka, wakidhani wamemaliza. Mnong'oneze mwalimu kwamba siku hiyo ungependa mwanao akabidhiwe mgeni mmoja wa mkanda mweupe. Kaa pembeni umtazame mwanao akipiga goti mbele ya mtoto mdogo kuliko yeye, akimwambia, "Shika katikati, weka hapa, chini ya kitovu," huku mikono yake ameiweka nyuma ili mwenzake afunge mwenyewe.